Chai ya Bibi ilikuwa tamu

Alhamisi, saa kumi jioni, sebuleni kwa Bibi, Kamachumu. Watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake waliokwisha vuka miaka 70, viti vimesukumwa hadi ukutani, na mvua ya Kagera inajikusanya nje bila haraka. Walikuwa wameimba, wamesoma Neno, wameomba. Kisha ukaja ule ukimya ninaoujua tangu utotoni, ukimya wa kungoja atakayesimama.

Akasimama Bibi. Ana miaka 86, kwa hiyo kusimama kwenyewe kulichukua muda.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Wiki iliyopita nilisikia mnyauko umeingia kwenye migomba ya jirani yangu. Nikasema pole. Mdomo ndio uliosema pole. Moyoni nilifurahi." Akanyamaza kidogo, akaikamata vizuri fimbo yake. "Hata chai ya jioni ile niliiona tamu."

Nilikaribia kucheka. Nilipotazama pembeni nikaona ni mimi peke yangu. Mama mmoja mzee aliitikia "Asante Yesu" kwa sauti ya mtu anayepokea chenji yake. Wakaimba pambio, Bibi akaketi, akasimama mwingine.

Bibi yangu aliokoka mwaka 1957.

Nimerudi Dar es Salaam wiki sita zilizopita, na ile chai imekataa kunitoka kichwani.

## Ngazi yangu

Mimi niliokoka kidato cha tatu, kwenye mkesha wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, saa nane usiku, nikilia kama nimefiwa. Sikatai usiku ule. Lakini kuna kitu nilikibeba kutoka pale bila mtu kunifundisha waziwazi: kwamba imani ina madarasa. Unaokoka, unaacha haya na yale, unajazwa Roho, unapewa huduma, unakuwa mtu wa kuombea wengine. Na kama ilivyo shuleni, darasa ulilofaulu hulirudii.

Leo mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Nahesabu sadaka. Naketi kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa za watu. Kijana akija kunieleza kwamba anashindwa na jambo fulani, ninayo sauti ninayoitumia, laini, ya mtu aliyeko ng'ambo ya mto.

Siku ile sebuleni kwa Bibi, ilipofika zamu yangu, nilisimama na kutumia sauti ileile. Nikamshukuru Mungu kwa safari njema, kwa kazi, kwa familia. Nikaomba waniombee "nizidi kukua kiroho". Nikaketi.

Wale wazee walinitazama kwa upole. Ulikuwa upole wa mwenye nyumba anayemtazama mgeni aliyekataa chakula kwa kusema ameshiba, naye amemwona akishuka kwenye basi asubuhi ile.

Hakuna aliyesema "Asante Yesu".

## Walioanza walikuwa tayari ndani

Aliyekulia Bukoba hahitaji kuelezwa uamsho ni nini. Ni wale watu wa Alhamisi, wa kuweka mambo nuruni, yaani kukiri dhambi mbele ya wenzao, wa kuimba pambio lao kwa Kiganda hata kama hakuna Mganda hata mmoja chumbani. Sisi watoto tuliwaogopa kidogo. Mtu wa uamsho angeweza kukufuata shambani kukuomba msamaha kwa jambo ambalo hukujua kwamba lilikuwapo.

Nilichokuwa sijakitafakari ni namna ulivyoanza. Mwezi wa Septemba 1929, daktari Mwingereza, Joe Church, alisafiri kutoka hospitali ya Gahini, Rwanda, hadi Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, naye pia mwenye kiu. Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakisoma juu ya Roho Mtakatifu na kuomba. Kutokana na siku zile mbili moto ukaenda Gahini, ukasambaa Rwanda, Uganda na Burundi, ukafika Kenya, na kabla ya miaka kumi na miwili kupita ulikuwa umeshavuka hadi kwetu Buhaya. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Kilutheri Duniani, alitoka katika uamsho huohuo.

Sasa tazama ni nani waliokutana. Mmoja alikuwa mmisionari, kazi yake ilikuwa kuwapelekea wengine Injili. Mwingine alikuwa muumini anayejulikana. Hakuna mpagani katika hadithi hii, wala mlevi aliyeokotwa mtaroni. Ni watu wawili ambao, kwa hesabu ya ngazi yangu, walikuwa wamekwisha kufika, nao wakakiri wao kwa wao kwamba hawajafika.

Hata neno walilolishika linaonyesha hivyo. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyefanya kazi Gahini na kufariki Januari 1936, alilihimiza kanisa kwa neno moja la Kiganda: *Zukuka*. Amka. Huwezi kumwambia mtu aamke kama hayumo nyumbani mwako amelala.

Nilipokuwa kipaimara nilikariri Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho cha Martin Luther, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa na fimbo na tulikuwa tunaijua. Kwenye sehemu ya ubatizo Luther anaeleza kwamba yule Adamu wa kale ndani yetu azamishwe kwa toba kila siku, na mtu mpya afufuke kila siku. Nililisema lile neno "kila siku" mbele ya mchungaji bila kulisikia. Na hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 alizozitoa Luther mwaka 1517, zile ambazo sisi Walutheri tunazisherehekea kila Oktoba kwa kwaya na sare mpya, inasema kwamba Yesu aliposema "tubuni" alitaka maisha yote ya waamini yawe toba.

Maisha yote. Mimi niliishughulikia usiku mmoja, kidato cha tatu.

## Mama anakataa

Nilimpigia Mama simu nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Nikamweleza habari ya chai na migomba, nikasema nadhani tumepoteza kitu, kwamba makanisa yetu ya mjini yangerudisha utaratibu ule wa kuweka mambo nuruni.

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Unajua kwa nini mimi niliacha kwenda?"

Sikujua. Miaka yote nilidhani ni kazi, watoto, kuhamia Mwanza.

Akanieleza. Alikuwa na miaka 22, amerudi likizo kutoka chuoni na nywele zake amezinyoosha. Kikundi cha ushirika alichokuwa akisali nacho (sio hiki cha kwa Bibi) kikamwona amepoa. Jioni moja wakamzunguka, kwa upendo, kwa nyimbo, wakamwambia kuna jambo anaficha, aliweke nuruni. Akasema hana. Wakaimba tena. Akasema hana. Wakaomba, mmoja akalia kwa ajili yake. Saa tatu za usiku zikafika.

"Nikatunga," Mama akasema. "Nikatubu dhambi niliyoitunga. Wakashangilia, wakanikumbatia. Nikaenda nyumbani, na sikurudi tena."

Sikuwa na la kujibu. Ninalo hadi leo neno la Mama likinikaa kama mfupa wa samaki. Maana ni kweli: lile ambalo Bibi alilifanya kwa hiari yake akiwa ameshika fimbo, wengine walilifanya kuwa rungu. Wakaandika orodha ya dhambi zinazoonekana, nywele, mavazi, mapambo, mkopo, kisha wakakaa mlangoni kukagua. Hiyo nayo ni ngazi, imepakwa rangi ya toba tu. Nimeona ndoa zikivunjika kwa ajili ya yaliyosemwa mbele ya watu ambao hawakupaswa kuyasikia. Kwa hiyo yule anayesoma hapa akisema "ndiyo maana nilitoka", simwiti mtu aliyerudi nyuma. Simwiti jina lolote.

Lakini nilimwuliza Mama swali moja zaidi. Nikamwambia: huyu Bibi, tangu wewe ni mtoto, amebadilika?

"Kwa ukali? Hata kidogo. Anatubu ukali uleule tangu nina miaka mitano. Usije ukaandika huko kwenye blogu yako kwamba ukali uliisha."

Sawa, Mama. Haukuisha.

Kisha akacheka, akasema jambo ambalo nadhani hakukusudia kunisaidia nalo. "Tofauti ni kwamba zamani alikuwa akinichapa kwa hasira, na kuja kuniomba msamaha ilimchukua wiki nzima. Nilipofika sekondari ikawa siku mbili, tatu. Siku hizi akinifokea kwenye simu anapiga tena kabla sijaifikisha mezani."

Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu kuliko yale ya Namirembe. Hasira ni ileile, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika katika karibu miaka 70 ni urefu wa njia ya kurudi.

## "Ningeweza kuishi bila kujua hilo"

Nimeruka kitu. Kesho yake asubuhi, baada ya ule ushirika, Bibi aliniambia nivae viatu.

Nyumba ya jirani iko hatua mia mbili, lakini sisi tulipita njia ndefu kwa sababu njia fupi ndiyo yenye ugomvi. Ni ugomvi wa mpaka, wa tangu enzi za baba yake huyu jirani. Kuna mti uliosogezwa. Ni nani aliyeusogeza, inategemea unamwuliza nani.

Tulimkuta shambani amewasha moto mdogo, upanga wake umelala kwenye makaa. Kwa wasioujua mnyauko: uliingia Kagera karibu mwaka 2006, na tangu hapo hakuna anayemiliki mgomba anayelala usingizi kamili. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Mkungu unaiva kabla ya wakati, ukiikata ndizi ndani ina rangi ya kutu. Hauna dawa. Wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, na sisi tunaubeba kwa panga zetu, mgomba hadi mgomba, tukidhani tunapalilia. Kwa hiyo ukishakata shina lililougua, unaurudisha upanga motoni kabla ya kugusa shina linalofuata. Na lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu unaliondoa kwa mti wenye panda, si kwa chuma.

Bibi akamsalimia, akamwuliza habari za nyumbani, akamwambia. Alimwambia kama alivyosema sebuleni, na ile chai haikuachwa nje.

Yule mzee, si wa uamsho, na kanisani anaonekana Krismasi, akamtazama.

"Mama, yaani umetoka nyumbani kuja kuniambia kwamba ulifurahi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ningeweza kuishi bila kujua hilo."

"Mimi nisingeweza," Bibi akasema. "Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Aliinama, akautoa upanga kwenye makaa, akaugeuza upande wa pili. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama ninajua kukata mti wenye panda. Nikamaliza asubuhi yangu nikiangusha maua dume ya migomba ambayo bado haijaugua, nimevaa viatu vya Dar, huku Bibi ameketi juu ya gogo akinielekeza kwa fimbo kana kwamba shamba ni lake.

Mpaka haukutajwa. Mti bado upo palepale.

Nilijua wakati uleule kwamba upanga na moto ni mahubiri yanayojihubiri yenyewe, na nilijiapiza nisiyatumie. Lakini nilimwuliza yule mzee ni lini shamba litakuwa limepona. Akanitazama kama nilivyotazamwa sebuleni. Akasema halipo shamba lililopona, lipo shamba linalokaguliwa.

## Yatusafisha

Aya ambayo watu wa uamsho wanaisoma hadi kurasa zake zinatoboka ni 1 Yohana 1:7: "na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Naisikia tangu utoto. Juzi, ndani ya mwendokasi, nimesimama na begi la mtu mwingine usoni, nikaisikia kisarufi. Haisemi *ilitusafisha*. Haisemi *itatusafisha*. *Yatusafisha*: kama mto unavyopita, kama mtu anavyopumua.

Ilinipa ahueni, kisha ikanitia hofu. Ahueni, kwa sababu kama ndivyo, basi Bibi hajafeli kwa kutubu dhambi ileile. Hofu, kwa sababu kama ndivyo, basi ule usiku wangu wa mkesha hauwezi kulipia mwaka huu.

Nimejiuliza pia kama maisha ya namna hii hayamfanyi mtu awe mfungwa wa hatia, akijikwangua kila siku kama kidonda. Nawajua watu wa namna hiyo, na naamini Mama alikuwa njiani kuwa mmoja wao kama asingeondoka. Lakini usiku ule baada ya ushirika, Bibi alikula ndizi na maharage sahani mbili, akatania kwamba ninazeeka kumshinda, akalala saa tatu na kukoroma hadi ukuta wa pili. Aliyekuwa macho ni mimi.

Na jambo moja zaidi. Mwaka aliookoka, Bibi alirudisha vitu: vikombe viwili vya bati alivyovichukua kwenye nyumba aliyokuwa akifanya kazi, alitembea navyo nusu siku. Hadithi hiyo ukoo wote unaijua. Sasa hana kikombe cha mtu. Amebaki kurudisha vitu visivyoshikika, kama furaha ya jioni moja ambayo haikuwa halali yake. Sidhani kwamba dhambi zake zimepungua ukubwa. Nadhani macho yake, ambayo kwa kusoma yameshakwisha, upande huo yamezidi kuona.

## Ninavyoujua utamu ule

Nimezunguka sana. Sasa niseme kwa nini ile chai haikuniacha.

Baba alipougua, mimi ndiye niliyeshika hesabu za michango. Niliziweka vizuri, nina kipaji hicho, ndiyo maana kanisani nahesabu sadaka. Baada ya msiba, niliweka orodha yote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Jina, kiasi. Mbele ya jina la mdogo wangu niliweka sifuri. Ningeweza kuacha pengo. Ningeweza kumpigia kwanza, nikajua kwamba wakati ule hakuwa na kazi kwa miezi saba. Niliweka sifuri, nikaandika chini yake: "Kwa ajili ya uwazi."

Akatoka kwenye kundi usiku uleule. Shangazi wawili wakanisifu kwa uaminifu wangu.

Ni miaka miwili sasa. Katika miaka hiyo miwili nimehubiri mara nne, mara moja juu ya msamaha, na watu walisema wamebarikiwa. Niliomba waniombee nizidi kukua.

Ninachokumbuka vizuri zaidi kuhusu usiku ule wa sifuri ni kwamba nilijitengenezea kahawa, nikainywa kibarazani peke yangu, na ilikuwa kahawa nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa.

Najua kuandika hapa si sawa na kusimama sebuleni. Hapa naweza kufuta, kupanga upya, kujifanya nimevunjika kwa sentensi nzuri. Kwa hiyo kabla ya kuichapisha makala hii nilijiwekea sharti. Niliandika ujumbe kwanza, nikaufuta. Nikaandika mwingine, ulikuwa mrefu na ulikuwa na aya ya Biblia, nikaufuta huo kwa haraka zaidi. Jumamosi jioni nikapiga.

Alipokea mlio wa tatu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za pikipiki.

"Niko barabarani, kaka. Nitakupigia."

Nikasema sawa. Nikaketi kibarazani, simu mezani, nikijua kabisa kwamba hatapiga, na nikiona aibu kwamba sehemu yangu moja inatumaini asipige.

Alipiga saa tatu na dakika kumi. Nililisema lile la sifuri, na la kahawa pia, maneno yakatoka vibaya na hayakuwa kwa mpangilio niliouandaa. Akanyamaza. Akasema, "Nilijua." Kisha akaniuliza kama nimeona bei ya kahawa msimu huu, na kama Bibi bado anamruhusu yule kijana kuianika juu ya udongo badala ya turubai. Tuliongea dakika arobaini. Kama dakika thelathini na tano zilikuwa za kahawa.